Puri, mji wa mungu wa mwarobaini

Huku pwani, mtoto akishikwa na homa bibi hutuma mtu akachume majani ya mwarobaini. Yatachemshwa, mgonjwa atafunikwa shuka ajifukize, na yale maji machungu atayanywa hata kama ni kwa kuzibwa pua. Mti wenyewe ulitujia kutoka Bara Hindi, na jina tulilolipa linataja maradhi arobaini ambayo watu huamini unayatibu. Huko ulikotoka, katika mji wa Puri ulio mwambao wa mashariki wa India, mwarobaini umepewa heshima nyingine: ndio mwili wa mungu. Na mungu huyo, Jagannath, ambaye jina lake maana yake ni Bwana wa Ulimwengu, kila mwaka huugua homa kama mtoto yeyote wa Tanga au Lamu. Hulazwa, hufungiwa chumbani kwa siku 15, hutibiwa kwa mitishamba, na akishapona hutoka nje kutembea.

Huko kutoka nje ndiko kulikoufanya mji wa Puri ujulikane duniani. Hekalu lake kuu limezungushiwa ukuta ambao watu wengi wamekatazwa kuuvuka. Lakini mbele ya ukuta huo kuna barabara pana ambayo mungu mwenyewe huishukia, na barabarani hakuna bawabu. Historia ya Puri, kwa karibu miaka 900, ni ya mvutano kati ya ukuta huo na barabara hiyo.

Ukuta

Puri ipo katika jimbo la Odisha, kando ya Ghuba ya Bengali, kilomita 60 hivi kusini mwa Bhubaneswar, mji mkuu wa jimbo. Wahindu huihesabu miongoni mwa vituo vinne vikuu vya hija vinavyoizunguka India: Badrinath kaskazini kwenye milima ya Himalaya, Dwarka magharibi huko Gujarat, Rameswaram kusini, na Puri upande wa macheo.

Hekalu linaloonekana leo lilianzishwa katika karne ya 12 na Anantavarman Chodaganga, mfalme wa ukoo wa Ganga wa Mashariki. Mnara wake una urefu wa mita 65 hivi. Kileleni kuna gurudumu lililosubiwa kwa madini manane, na juu ya gurudumu hupepea bendera inayoitwa Patitapabana, yaani mwokozi wa walioanguka. Kila siku mtumishi wa hekalu huukwea mnara huo miguu mitupu, bila kamba ya kumshika, akafunga bendera mpya. Ukuta wa nje una kimo cha mita 6 hivi na milango minne: wa simba, wa farasi, wa chui milia na wa tembo. Mbele ya Mlango wa Simba imesimama nguzo ya jiwe moja iliyoletwa katika karne ya 18 kutoka Konark, kwenye magofu ya hekalu la mungu jua.

Wafalme hawakujenga kwa ucha-mungu peke yake. Katika karne ya 13, Anangabhima wa Tatu alitangaza kwamba mtawala halisi wa Odisha ni Jagannath, naye mfalme ni naibu wake tu. Lilikuwa tamko la unyenyekevu, na wakati huohuo lilikuwa ngao ya utawala, kwani aliyemwasi naibu alikuwa amemwasi mungu. Tangu hapo kila aliyetaka kuitawala Odisha alilazimika kwanza kuulizwa anasimama wapi mbele ya hekalu hili. Mwaka 1568 Kalapahad, jemadari wa Sultani wa Bengali, alilivamia. Masimulizi ya Puri yanasema sanamu zilichukuliwa zikachomwa moto, na kwamba mcha mungu mmoja, Bisara Mohanty, aliokota kile kilichosalia majivuni akakificha ndani ya ngoma yake hadi ibada iliporejeshwa. Katika karne zilizofuata, kila jeshi lilipokaribia, watumishi waliwabeba miungu wao wakawaficha, mara nyingine katika visiwa vya ziwa la Chilika. Mungu wa Puri amewahi kuwa mkimbizi.

Mwili usiokamilika

Anayezijua sanamu nyingine za India, zile za mawe na shaba zenye viuno vilivyopinda na vidole laini, hushangaa anapomwona Jagannath kwa mara ya kwanza. Ni gogo lililochongwa kwa mistari michache na kupakwa rangi. Uso wake ni mweusi, macho ni duara mbili kubwa zisizo na kope, mikono ni vigutu vilivyoelekezwa mbele. Hana viganja, hana masikio, hana miguu. Kando yake wako kaka yake Balabhadra mwenye uso mweupe, na katikati yao dada yao Subhadra mwenye uso wa manjano. Wa nne ni Sudarshana, silaha ya duara ya mungu Vishnu, ambaye hapa amechongwa kama nguzo.

Hadithi ya umbo hilo inajulikana na kila mtoto wa Odisha. Mfalme Indradyumna alisikia kwamba msituni kuna mungu anayeabudiwa kwa siri na Vishwavasu, mkuu wa Wasavara, watu wa misitu. Akamtuma kuhani, Vidyapati, amtafute. Vidyapati alimwoa Lalita, binti wa Vishwavasu, kisha akamshawishi mkwewe ampeleke kwenye maficho. Alipelekwa akiwa amefungwa macho, lakini njiani alidondosha punje za haradali, nazo zilipoota zikawa alama ya njia. Mfalme alipofika, mungu alikuwa ametoweka. Baadaye gogo lilielea baharini likaja ufukweni Puri. Seremala mzee akajitokeza, akaahidi kulichonga kwa sharti moja: mlango usifunguliwe hadi amalize. Siku zilipita, sauti ya patasi ikakoma, malkia Gundicha akaingiwa na hofu kwamba mzee amekufa, mlango ukafunguliwa. Seremala, ambaye alikuwa Vishwakarma, fundi wa miungu, hakuwepo tena. Sanamu zilibaki bila viganja wala miguu.

Wataalamu huusoma mwili huo kwa jicho lingine. Anncharlott Eschmann na Hermann Kulke, ambao pamoja na Gaya Charan Tripathi walihariri kitabu maarufu kuhusu Jagannath kilichotoka mwaka 1978, walionyesha jinsi jamii za misitu za Odisha zilivyokuwa zikiabudu nguzo za mbao, na jinsi ibada hizo zilivyoingizwa polepole katika Uhindu wa makuhani na wafalme. Kwa maelezo haya, vigutu vya Jagannath ni kumbukumbu ya nguzo. Hadithi na utaalamu vinakutana mahali pamoja: mungu huyu alikuwa wa watu wa msituni kabla hajawa wa mfalme. Hekalu lenyewe halijalisahau jambo hilo. Miongoni mwa watumishi wake wamo Daitapati, wanaohesabiwa kuwa wazao wa ndoa ile ya Vidyapati na Lalita. Wao si watumishi wake tu. Ni jamaa zake.

Waumini nao wana usomaji wao. Macho hayana kope kwa sababu Bwana wa Ulimwengu hasinzii. Ibada ya Kihindu imejengwa juu ya darshan, yaani kumwona mungu na kuonwa naye, na kwa Jagannath macho yamekuwa makubwa kuliko kiungo kingine chochote. Mikono haina viganja kwa kuwa haikuumbwa kushika upanga. Imenyooshwa mbele, tayari kukumbatia.

Barabara

Katika mwezi wa Jyeshtha kwa kalenda ya Kihindu, mwezi ukiwa mpevu, miungu hutolewa hadi kwenye jukwaa lililo ndani ya ua, mahali ambapo mtu aliye barabarani anaweza kuwaona. Huogeshwa kwa vyungu 108 vya maji ya kisima. Maji mengi kiasi hicho, joto likiwa kali, huleta homa. Hapo milango hufungwa na mgonjwa huachiwa ndugu zake, wale Daitapati. Kwa muda huo waumini husujudu mbele ya picha zilizochorwa kwenye kitambaa, na wengi husafiri hadi hekalu la Alarnath huko Brahmagiri, wakiamini kwamba Bwana wao yuko huko.

Wakati huo mafundi wako kazini barabarani. Tangu sikukuu ya Akshaya Tritiya, majuma kadhaa nyuma, wamekuwa wakichonga magari matatu mapya, kwani kila mwaka hujengwa mengine. Wanapima kwa dhiraa na kwa vidole, kwa maarifa ambayo baba humrithisha mwana. Gari la Jagannath huitwa Nandighosha, lina magurudumu 16 na kimo cha mita 13 hivi, nalo huvikwa vitambaa vyekundu na vya manjano. La Balabhadra lina magurudumu 14, la Subhadra 12.

Safari inafanyika siku ya pili baada ya mwezi kuandama katika mwezi wa Ashadha, yaani Juni au Julai. Ni majira ambayo upepo wa kusi, uleule uliosukuma majahazi ya pwani yetu kuelekea Bara Hindi, unaifikisha mvua Odisha. Miungu hutolewa mmoja mmoja kwa matoazi na makombe ya kupuliza, wakibebwa kwa kuyumbishwa mbele na nyuma, hatua kwa hatua, kama mtu mnene anayejifunza upya kutembea baada ya ugonjwa. Wanashuka ngazi 22 za hekalu, wanautoka Mlango wa Simba, wanapandishwa magarini.

Kabla kamba hazijavutwa, anafika Gajapati, mrithi wa wafalme wa Puri. Anapanda kila gari, ananyunyiza maji ya msandali, kisha anafagia sakafu kwa ufagio wenye mpini wa dhahabu. Masimulizi yanaeleza kwamba mfalme Purushottama wa karne ya 15 alipoposa binti wa mfalme wa Kanchi, alikataliwa kwa sababu mfalme huyo hakutaka kumwoza bintiye kwa mfagiaji. Purushottama alipigana, akashinda, akamteka binti Padmavati, akaapa kumwoza kwa mfagiaji kweli. Waziri wake alikuwa na busara: alisubiri siku ya magari, na mfalme alipokuwa ameinama na ufagio mkononi, akamleta binti na kusema, huyu hapa mfagiaji aliyestahili. Hadithi hiyo hupendwa kwa sababu inaweka wazi maana ya kitendo. Mbele ya Jagannath kazi ya kufagia, ambayo jamii ya matabaka imeitupia watu wa chini kabisa, ndiyo cheo cha mfalme.

Kisha kamba hukamatwa. Balabhadra hutangulia, Subhadra hufuata, Jagannath huja nyuma. Umbali hadi hekalu la Gundicha, mwisho wa safari, ni kilomita 3 hivi tu, lakini magari huenda kwa pumzi ya umati, husimama na kuondoka tena. Kuna mahali gari la Jagannath lazima lisimame. Ni kwenye kaburi la Salabega, mshairi Mwislamu wa karne ya 17, aliyezaliwa na baba ofisa wa dola ya Mughal na mama wa tabaka la Brahmini. Alimtungia Jagannath nyimbo ambazo Waodia wanaziimba hadi leo, na kwa kuwa hakuwa Mhindu, hakuruhusiwa kuuvuka ukuta. Inasimuliwa kwamba mwaka mmoja alikuwa mbali, akaomba asikose kumwona Bwana barabarani, na gari likagoma kwenda mbele hadi alipofika. Hivyo aliyenyimwa mlango ndiye anayesubiriwa na msafara wote.

Mungu hukaa Gundicha kwa siku saba. Siku ya tano Lakshmi, mkewe, aliyeachwa nyumbani, hubebwa kwa hasira hadi huko, na mtumishi wake huvunja kipande cha gari la mume. Wakati wa kurudi, gari husimama kwenye hekalu dogo la mama yake mdogo, ambako Jagannath huandaliwa poda pitha, mkate wa mchele, nazi na sukari guru uliookwa hadi ngozi ikaungua. Wapishi wa mkate wa kumimina wangeutambua kama ndugu. Jagannath akifika kwake, Lakshmi humfungia mlango, watumishi wa pande mbili hujibizana, hadi mume anapotoa rasagola, vidonge vya jibini laini vilivyolowekwa katika shira. Mlango hufunguliwa. Dini hii kubwa haikuona haya kumpa mungu wake ugomvi wa nyumbani na njia ya kuumaliza.

Macho ya wageni

Tangu karne ya 14, kwa masimulizi ya mtawa Mwitalia Odoric wa Pordenone, habari za magari kama haya zilisambaa Ulaya zikiwa na jambo moja mbele: watu waliosagwa na magurudumu. Waingereza waliiteka Puri mwaka 1803. Mchungaji Claudius Buchanan, aliyefika mwaka 1806, aliandika kwa kutisha juu ya alichokiona, na jina la Jagannath likaingia katika lugha ya Kiingereza kama neno la kitu kikubwa kinachoponda kila kilicho mbele yake. Wakati huohuo kampuni ya Waingereza iliyotawala haikusita kukusanya kodi kutoka kwa mahujaji, na kodi hiyo ilifutwa mwaka 1840 tu, baada ya wamishonari kuipigia kelele kwa miaka mingi. Vifo vilikuwepo. Lakini mwaka 1872 William Wilson Hunter, ofisa wa serikali ya kikoloni, alieleza kwamba vingi vilitokana na ajali na msongamano, na kwamba mtu kujitupa chini ya gurudumu lilikuwa jambo la nadra. Sahihisho lake halikufika mbali kama lile neno. Mungu asiye na viganja, ambaye kwa watu wake ni ndugu aliyetoka kuugua, amebaki katika lugha ya ugenini kuwa jina la mashine ya kuponda.

Wasioingia, na wanaokula pamoja

Ukuta haukuwazuia Waislamu na Wazungu peke yao. Kwa karne nyingi uliwazuia Wahindu wa matabaka yaliyoitwa najisi. Wao walitazama bendera juu ya mnara, ile ya mwokozi wa walioanguka. Walitazama pia sanamu ya Jagannath iliyowekwa ndani ya Mlango wa Simba, inayoonekana kutoka barabarani. Inasemekana iliwekwa kwa ajili ya mfalme wa karne ya 18 aliyekatazwa kuingia baada ya kujiunga na Waislamu. Mwezi Mei 1934 Mahatma Gandhi alianzia Puri matembezi ya miguu ya kupinga ubaguzi huo, naye alikataa kuingia hekaluni maadamu walionyimwa haki hiyo wamebaki nje. Mwaka 1938 mkewe Kasturba alipoingia, Gandhi alihuzunika sana. Baada ya uhuru, Katiba ya India ya mwaka 1950 ilipiga marufuku kumhesabu mtu kuwa najisi, na mlango ukafunguliwa kisheria kwa Wahindu wote. Asiye Mhindu bado haingii.

Lakini ndani ya ukuta huohuo kuna jiko ambalo kwa muda mrefu limekuwa likipinga fikra ya ukuta. Wapishi hutumia kuni na vyungu vya udongo vinavyopandanishwa mafungu juu ya meko. Hawapiki kwa viazi mbatata wala nyanya, mazao yaliyokuja kutoka mbali, wala kwa vitunguu. Wali, dengu na mboga vikishatolewa kwa miungu huwa mahaprasad, chakula kitukufu, na huuzwa katika soko la hekalu liitwalo Ananda Bazar, Soko la Furaha. Katika nchi ambako Mbrahmini aliweza kutupa chakula kilichoguswa na mtu wa tabaka la chini, mahaprasad huliwa na wote pamoja, kutoka jani moja, na hakuna mkono unaoweza kukitia unajisi chakula hicho. Anayejua uzito wa swali la nani anakula na nani atajua kwamba hili si dogo.

Kifo cha mti

Mbao huoza, hata zikiwa za mwarobaini. Kalenda inapoangukia kwenye mwaka wenye miezi miwili ya Ashadha, jambo linalotokea baada ya miaka 8 hadi 19, miungu wa Puri hupata miili mipya. Imekuwa hivyo mwaka 1912, 1931, 1950, 1969, 1977, 1996 na 2015. Daitapati hutembea hadi Kakatpur, kwenye hekalu la mungu mke Mangala, na hulala hapo wakingoja ndoto iwaelekeze. Kisha huutafuta mwarobaini wenye ishara: karibu na mto na mahali pa kuchomea maiti, penye kichuguu, shina lisilo na kiota cha ndege, na juu ya gome alama kama za kombe na gurudumu. Mti wa Jagannath sharti uwe na rangi ya kiza.

Sanamu mpya zikiwa tayari, usiku taa huzimwa. Daitapati wazee, wakiwa wamefungwa macho na mikono ikiwa imezungushiwa nguo, hutoa kitu kutoka kwenye mwili wa zamani na kukitia katika mwili mpya. Kitu hicho huitwa brahma, na hata anayekihamisha hakioni wala hakigusi kwa ngozi yake. Miili ya zamani huzikwa ndani ya ua wa hekalu. Daitapati hunyoa nywele na kuomboleza kwa siku kadhaa, kama wafanyavyo watu waliofiwa na mkubwa wa ukoo.

Mwezi Juni 2020, wakati wa janga la korona, ukuta na barabara vilikaribia kuwa kitu kimoja. Mahakama Kuu Kabisa ya India ilizuia sherehe, kisha siku chache baadaye ikairuhusu kwa masharti: mji uwe katika amri ya kutotoka nje, na kila gari livutwe na watu wasiozidi 500. Magari yalipita kwenye barabara tupu. Mungu alitoka, kama desturi, lakini watu aliowatokea walikuwa majumbani wakimtazama kwenye runinga. Mwaka 2022 umati ulirudi kushika kamba.

Sherehe inapokwisha, magari yote matatu hubomolewa. Farasi wa mbao na baadhi ya mapambo huhifadhiwa, na mbao nyingine hupelekwa jikoni mwa hekalu. Kwa miezi kadhaa wapishi huzipasua na kuzitia mekoni chini ya vyungu. Gari ambalo mfalme alilifagia, ambalo lilisimama mbele ya kaburi la Salabega, linaiva polepole kuwa wali na dengu, kisha linamegwa na watu wasioulizana majina ya ukoo.